Paja Limevunjika Wapi? Uandishi na Misimbo ya Mivunjiko ya Fupa la Paja Karibu na Goti

Katika majalada mengi ya wagonjwa wa mifupa utambuzi huandikwa kwa maneno mawili tu: "Kuvunjika paja." Maneno hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Fupa la paja ndilo refu na imara kuliko mifupa yote ya mwili. Huanzia nyongani na kuishia gotini, na laweza kuvunjika shingoni mwake, katikati, au kwenye ncha yake ya chini. Mgonjwa aliyevunjika shingo ya fupa hilo na yule aliyevunjika sentimita chache juu ya goti wana matatizo mawili tofauti: upasuaji wao haufanani, hatari zinazowanyemelea hazifanani, na safari yao ya kurudi kazini haifanani. Anayeandika "kuvunjika paja" amewatia wote katika kapu moja, na kila atakayelisoma jalada baada yake atalazimika ama kulichambua kapu hilo upya, ama kubahatisha.

Makala hii inahusu ncha ya chini ya fupa hilo, yaani sehemu iliyo karibu na goti. Imeandikwa kwa ajili ya madaktari, matabibu, wauguzi na maafisa kumbukumbu za afya, na vilevile kwa ajili ya mgonjwa na ndugu zake wanaobeba karatasi za rufaa kutoka kituo kimoja hadi kingine. Hoja yake ni moja: msimbo wa utambuzi hauwezi kujua jambo ambalo mtoa huduma hakuliandika, na gharama ya jambo hilo lisiloandikwa humwangukia mgonjwa.

Eneo lenyewe na hatari zake

Ncha ya chini ya fupa la paja hupanuka na kufanya nundu mbili za mviringo, ambazo kitaalamu huitwa kondili: moja upande wa ndani wa goti, nyingine upande wa nje. Nundu hizo zimefunikwa kwa gegedu laini na ndizo zinazobeba uzito wa mwili na kuupitisha kwenye mfupa wa muundi. Mvunjiko ukipita kati ya kondili, umeingia ndani ya kiungo cha goti. Hapo uso wa gegedu usiporudishwa sawasawa, mgonjwa huweza kubaki na goti gumu, lenye maumivu, na kupata baridi yabisi ya uchakavu kabla ya umri wake.

Mpaka kati ya ncha na shina la mfupa huwatatiza wengi. Mabingwa wa mifupa hutumia kanuni nyepesi ya mraba: pima upana wa ncha ya mfupa mahali palipo papana zaidi kwenye picha ya eksirei, kisha pima urefu uleule kwenda juu kutoka kwenye kiungo. Mvunjiko ambao kitovu chake kimo ndani ya mraba huo ni wa ncha ya chini. Ulio juu ya mraba ni wa shina. Kanuni hii haihitaji kifaa zaidi ya rula, na tabibu wa kituo cha afya anaweza kuitumia sawa na bingwa wa hospitali ya taifa.

Nyuma ya goti hupita ateri kubwa inayopeleka damu mguuni. Misuli ya kigimbi imeshikizwa nyuma ya kondili, na mfupa unapovunjika juu yake, misuli hiyo huvuta kipande cha chini kuelekea nyuma, palepale ilipo ateri. Ndiyo sababu mvunjiko wa eneo hili unaweza kuukatia mguu damu hata kama ngozi haina mchubuko. Misuli iliyokosa damu kwa muda wa saa sita hivi huanza kupata madhara yasiyorekebishika, na uwezekano wa kukatwa mguu huongezeka kadiri saa zinavyopita.

Mivunjiko hii huwapata zaidi watu wa makundi mawili. La kwanza ni la vijana, hasa wanaume, wanaoumia kwa nguvu kubwa: ajali za pikipiki na magari, au kuanguka kutoka juu. La pili ni la wazee, hasa wanawake, ambao mifupa yao imedhoofika kiasi kwamba kujikwaa ndani ya nyumba kunatosha kuivunja. Msimbo wa mfupa waweza kuwa mmoja kwa kijana na kwa bibi, lakini maelezo yanayopaswa kuuzunguka ni tofauti kabisa.

Msimbo ni nini, na umetoka wapi?

Msimbo wa utambuzi ni herufi na tarakimu chache zinazosimama badala ya jina la ugonjwa au jeraha, ili hospitali ya Mwanza, ya Mombasa na ya Muscat ziweze kuhesabu jambo moja kwa namna moja. Mizizi ya mpangilio huo iko katika orodha ya sababu za vifo iliyowasilishwa na mtakwimu Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu la kuisimamia, na kuanzia hapo orodha ikajumuisha magonjwa na majeraha, si vifo pekee. Toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, linalofahamika kwa kifupi kama ICD-10, liliidhinishwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilipitishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022, ingawa nchi nyingi bado zimo katika safari ya kulihamia.

Katika ICD-10, mivunjiko ya fupa la paja yote hukaa chini ya S72. Tarakimu inayofuata nukta hutaja mahali: S72.0 ni shingo ya fupa, S72.1 na S72.2 ni maeneo yaliyo chini kidogo ya shingo, S72.3 ni shina, na S72.4 ni ncha ya chini, ndiyo mada yetu. S72.7 ni mivunjiko kadhaa ya fupa hilohilo. Mwishoni ipo S72.9, yaani fupa la paja, sehemu isiyotajwa. Huko ndiko maneno "kuvunjika paja" hupelekwa. Afisa kumbukumbu hana pengine pa kuyaweka, na wala hana kosa, kwa kuwa ameandika kile alichopewa.

Shirika la Afya Duniani limeacha nafasi ya hiari ya kuongeza tarakimu moja zaidi: 0 kwa mvunjiko uliofungika, 1 kwa mvunjiko wazi, yaani ule ambao jeraha la ngozi linafika kwenye mfupa. Mvunjiko usioelezwa kuwa wazi wala kufungika huhesabiwa kuwa umefungika. Kanuni hiyo yafaa isomwe mara mbili. Daktari akisahau kutaja jeraha, mfumo hautamuuliza, na kidonda kitatoweka kwenye kumbukumbu.

Msimbo mmoja, maana mbili

Marekani ilianza kutumia toleo lake la ICD-10 mnamo Oktoba 2015, na toleo hilo ni pana zaidi. Msimbo wa mvunjiko wa ncha ya chini ya fupa la paja hufikia alama saba. Alama ya tano hueleza umbo la mvunjiko: kondili ya nje, kondili ya ndani, bamba la ukuaji la mtoto, juu ya kondili bila kuingia kati yake, au juu ya kondili pamoja na kuingia kati yake. Alama ya sita hueleza upande na kama vipande vimehama. Ya saba hueleza hatua ya matibabu na hali ya ngozi. Kwa mfano, S72.451A ni mvunjiko wa mguu wa kulia juu ya kondili, usioingia kati yake, vipande vimehama, umefungika, na mgonjwa yuko katika matibabu ya awali. S72.462C ni wa mguu wa kushoto, umeingia kati ya kondili, vipande vimehama, uko wazi kwa daraja la tatu, matibabu ya awali.

Kwa nini jambo la Marekani limhusu msomaji wa Afrika Mashariki? Kwa sababu programu nyingi za kompyuta, vitabu na kurasa za intaneti anazozifungua mtumishi wetu zimejengwa juu ya toleo la Marekani, ilhali ripoti zetu hufuata la Shirika la Afya Duniani. Tazama msimbo S72.41. Kwa Shirika la Afya Duniani, ni mvunjiko wazi wa ncha ya chini ya fupa la paja. Kwa toleo la Marekani, ni mwanzo wa misimbo ya mvunjiko wa kondili isiyotajwa, na hausemi lolote kuhusu ngozi mpaka alama ya saba ifike. Hospitali inayochanganya matoleo hayo mawili inaweza kuripoti mivunjiko wazi ambayo haipo, au kuificha iliyopo. Kabla ya kutafuta msimbo, basi, ni lazima kujua ni toleo gani linalotumika katika kituo chako, na kuliandika jina lake mahali ambapo kila mtumishi ataliona.

Toleo la 11 linatatua sehemu ya tatizo hili kwa njia nyingine: msimbo mkuu hutaja mfupa na sehemu iliyovunjika, kisha misimbo ya nyongeza huunganishwa nao kutaja upande, hali ya ngozi na umbo la mvunjiko. Uzuri wake ni mkubwa, lakini sharti lake ni lilelile: mambo hayo yawe yameandikwa.

Karatasi tatu za mguu mmoja

Tuchukulie mfano uliotungwa kwa ajili ya kufundishia. Dereva wa bodaboda mwenye umri wa miaka 28 amegongana na gari dogo jioni. Paja lake la kushoto limepinda juu ya goti, na upande wa nje kuna kidonda kinachotoa damu. Anapelekwa kwenye kituo cha afya kilicho karibu, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa.

Karatasi ya kwanza inasema: "Ajali. Kuvunjika paja. Apewe rufaa." Ya pili inasema: "Kuvunjika fupa la paja kushoto, sehemu ya chini. Amefungwa gango. Amepewa dawa ya maumivu." Ya tatu, iliyoandikwa usiku wa manane baada ya mgonjwa kuchunguzwa upya, inasema: "Mvunjiko wa ncha ya chini ya fupa la paja la kushoto, juu ya kondili na kuingia kwenye kiungo cha goti. Vipande vimehama. Mvunjiko wazi, daraja la muda IIIA, kidonda upande wa nje. Mapigo ya damu juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani yapo, dhaifu kuliko mguu wa kulia, yamepimwa saa 6:40 usiku. Anaweza kuinua wayo. Dereva wa pikipiki aliyegongana na gari, barabarani."

Mguu ni mmoja. Karatasi ya kwanza itazaa msimbo wa S72.9. Ya pili itazaa S72.4, na kwa kuwa haikutaja kidonda, itahesabiwa kuwa mvunjiko uliofungika. Ya tatu pekee ndiyo inayozaa picha kamili. Tofauti hiyo haiishii kwenye takwimu. Mvunjiko wazi hudai dawa ya antibayotiki mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, pamoja na kinga ya pepopunda na usafishaji wa jeraha katika chumba cha upasuaji. Mgonjwa ambaye kidonda chake kimefunikwa kwa bandeji na hakikutajwa kwenye karatasi ya pili anaweza kusafiri usiku kucha bila dawa hiyo, kwa sababu tu kila aliyempokea aliamini maandishi ya aliyemtangulia. Mapigo ya damu nayo yasipoandikwa pamoja na saa, daktari wa hospitali ya rufaa hana namna ya kujua kama udhaifu anaouona ulikuwapo tangu mwanzo au umeanza njiani.

Mambo manane ya kuandika

Kutokana na mfano huo, yafuatayo ndiyo yanayopaswa kuonekana katika jalada la kila mgonjwa aliyevunjika eneo hili.

1. Upande. Andika "kulia" au "kushoto" kwa neno kamili. Herufi moja iliyoandikwa haraka imeshasababisha kuchanganya miguu katika vyumba vya upasuaji sehemu nyingi duniani.

2. Mahali. Taja kama ni juu ya kondili, kondili ya nje, kondili ya ndani, zote mbili, au bamba la ukuaji. Tumia kanuni ya mraba palipo na shaka.

3. Kiungo. Sema wazi kama mvunjiko umeingia gotini au la. Mabingwa hugawa mivunjiko ya eneo hili katika makundi matatu ya AO: 33A isiyofika kwenye kiungo, 33B inayogusa sehemu ya kiungo huku sehemu nyingine ikiwa bado imeungana na shina, na 33C ambayo kiungo chote kimetengana na shina. Msimbo wa ICD na daraja la AO havishindani: wa kwanza hutumika kuhesabu na kulipia, wa pili hutumika kupanga upasuaji. Kumbuka pia kwamba kondili inaweza kupasuka kwa wima kutoka upande mmoja hadi mwingine, mpasuko unaoitwa kwa jina la daktari wa upasuaji Mjerumani Albert Hoffa. Mpasuko huo hufichika kirahisi kwenye eksirei ya kawaida, na siti skani huufichua.

4. Kuhama kwa vipande. Andika kama vimehama, na kuelekea wapi.

5. Ngozi. Andika "umefungika" au "wazi", hata kama unaona jambo hilo ni dhahiri. Kwa mvunjiko wazi, taja daraja la Gustilo na Anderson, uainishaji uliochapishwa mwaka 1976, ambao daraja lake la tatu liligawanywa kuwa A, B na C mwaka 1984. Daraja la kweli hujulikana baada ya jeraha kufunguliwa na kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Kwa hiyo linaloandikwa mapokezi liitwe la muda, na mpasuaji alithibitishe au alirekebishe.

6. Damu na neva. Andika mapigo, rangi na joto la wayo, hisia, na uwezo wa kuinua wayo, pamoja na saa ya uchunguzi. Rudia baada ya kuunyoosha mguu na baada ya kufunga gango. Ateri ya nyuma ya goti ikiwa imejeruhiwa, jeraha hilo lina msimbo wake, S85.0, na lisimezwe na msimbo wa mfupa.

7. Chanzo. ICD-10 ina misimbo ya pili inayoeleza jeraha lilitokeaje. Mpanda pikipiki yuko kati ya V20 na V29, na kwa sehemu kubwa ya misimbo hiyo tarakimu ya nne humtofautisha dereva na abiria. Aliyekuwa ndani ya bajaji yuko kati ya V30 na V39. Aliyeanguka kutoka mtini ni W14. Neno "ajali" peke yake halitoi msimbo wowote wa maana.

8. Hatua. Sema kama mgonjwa anatibiwa kwa mara ya kwanza, anafuatiliwa na mfupa unaunga vizuri, au amepata tatizo. Mfupa uliounga vibaya una msimbo M84.0, usiounga M84.1, na unaochelewa kuunga M84.2. Ulemavu uliobaki baada ya mvunjiko kupona huhusishwa na T93.1. Mgonjwa wa mwezi wa tisa anayeendelea kuandikiwa S72.4, kana kwamba ameumia jana, huhesabiwa kuwa majeruhi mpya, na tatizo lake la kutounga halionekani popote.

Bibi aliyejikwaa na mtoto aliyeanguka

Makundi mawili ya wagonjwa hupotea kwa urahisi zaidi katika misimbo. La kwanza ni la wazee. Bibi wa miaka 74 aliyejikwaa kwenye kizingiti na kuvunjika juu ya goti akiandikiwa S72.4 na kuanguka, mfumo utamwona kuwa ni majeruhi wa kawaida. Hata hivyo, mfupa wenye afya hauvunjiki kwa kujikwaa. Daktari akiandika kwamba mifupa yake imepungua uimara kwa maradhi ya osteoporosisi, utambuzi huhamia M80, na hapo swali la tiba ya mifupa yote, si mguu mmoja, hufunguka. Vivyo hivyo, mfupa uliovunjika kwa sababu saratani imeuhamia haufai kufichwa chini ya S72, kwa kuwa mgonjwa huyo anahitaji uchunguzi na tiba ya saratani pamoja na chuma cha kushikilia mfupa. Na aliyevunjika kuzunguka goti bandia au sahani ya chuma ya zamani aandikwe hivyo, maana upasuaji wake ni mgumu kuliko wa awali.

Kundi la pili ni la watoto. Bamba la ukuaji lililo kwenye ncha ya chini ya fupa la paja ndilo linalochangia takriban asilimia 70 ya urefu wa fupa hilo. Likijeruhiwa, mguu unaweza kubaki mfupi au kupinda miezi au miaka baada ya hogo kuondolewa. Mtoto ambaye jalada lake linasema "kuvunjika paja" ataruhusiwa na kusahauliwa. Yule ambaye jalada lake linataja bamba la ukuaji atapewa tarehe za kurudi mpaka ukuaji wake ukamilike.

Maandishi yanakokwenda

Karatasi iliyoandikwa wodini ina safari ndefu. Huenda kwenye bima: nchini Tanzania Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kuwaingiza wananchi wote katika utaratibu huo. Dai linalosema "kuvunjika paja" huku likiomba malipo ya sahani ya chuma ya kondili na siti skani linakaribisha maswali, ucheleweshaji au kukataliwa, kwa sababu utambuzi haufanani na huduma iliyotolewa.

Huenda pia kwenye vyombo vya haki. Majeruhi wa ajali hubeba fomu ya polisi ya PF3, na maelezo ya daktari humo yanaweza kusomwa mahakamani au na kampuni ya bima ya gari. Aliyeumia kazini huweza kudai kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008. Upande usiotajwa, au kiungo kisichotajwa, unaweza kumpunguzia mtu fidia ya goti litakalomsumbua maisha yake yote.

Huenda vilevile kwenye mipango ya nchi. Takwimu za vituo hukusanywa kupitia mfumo wa MTUHA na programu ya DHIS2. Iwapo abiria wa bodaboda hawatofautishwi na madereva, hatuwezi kujua nani hasa anahitaji kampeni ya kofia ngumu na nani anahitaji mafunzo ya udereva. Iwapo mivunjiko ya ncha ya chini imezama ndani ya S72.9, mwagizaji wa vifaa ataleta vyuma vya shina na kukosa sahani za kondili.

Uhusiano kati ya kumbukumbu na vifaa unaonekana waziwazi katika mfano mmoja. Shirika la SIGN, lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle, hutoa vyuma vya ndani ya mfupa kwa hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, zikiwamo za Tanzania. Madaktari wanaovitumia huingiza picha za eksirei na maelezo ya wagonjwa wao katika kumbukumbu ya pamoja ya mtandaoni, na ripoti hizo ndizo huwezesha vyuma vilivyotumika kujaziwa. Pale ambapo mgonjwa hakuandikwa, chuma cha mgonjwa anayefuata kiko mashakani.

Daktari, muuguzi na afisa kumbukumbu

Afisa kumbukumbu za afya si mkalimani wa ndoto za daktari. Hana ruhusa ya kutazama picha ya eksirei na kuamua mwenyewe kwamba mvunjiko umeingia kwenye kiungo, hata kama anauona. Kazi yake ni kugeuza maandishi kuwa msimbo, na pale maandishi yanapopungua, kumrudishia aliyeandika kwa swali fupi lisilomwelekeza jibu: "Tafadhali bainisha sehemu ya fupa la paja na hali ya ngozi." Daktari aliyepata swali hilo asilione kuwa ni dharau. Hospitali yenye utaratibu wa kuuliza hivyo kabla mgonjwa hajaruhusiwa huokoa siku nyingi za kubishana na bima baadaye.

Muuguzi naye ana nafasi yake. Mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kidonda wakati wa kubadilisha bandeji, na ndiye anayepima mapigo ya wayo kila baada ya muda. Alichokiona akiandike pamoja na saa, na kikitofautiana na maelezo ya daktari, amwite daktari. Marekebisho yafanywe kwa kupiga mstari mmoja juu ya neno la zamani ili libaki likisomeka, kisha kuandika jipya pamoja na jina, tarehe na saa. Kufuta kabisa huondoa imani katika jalada zima.

Neno kwa mgonjwa na ndugu zake

Ndugu mgonjwa, hukulazimika kujua misimbo, lakini una haki ya kujua umevunjika wapi. Kabla ya kuondoka hospitalini muulize daktari wako: Je, mvunjiko umeingia kwenye goti? Ulikuwa wazi au umefungika? Mishipa ya damu na neva viko salama? Nimewekewa chuma gani? Lini nianze kukunja goti, na lini niukanyagie mguu? Omba majibu hayo yaandikwe kwenye karatasi ya kuruhusiwa, pamoja na upande wa mguu na tarehe ya kurudi. Tunza picha zako za eksirei mahali pakavu. Ukibadilisha hospitali, nenda nazo zote, zikiwamo za mwanzo.

Wasimamizi wa mgonjwa wasione haya kusema: "Daktari, upande huu pia kuna kidonda," au "Vidole vyake vimekuwa baridi tangu asubuhi." Maneno hayo yanaweza kuokoa mguu. Jua pia kwamba taarifa za afya yako ni siri yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inaziweka miongoni mwa taarifa nyeti, hivyo picha ya jalada lako haipaswi kusambazwa kwenye simu za watu wasiohusika na matibabu yako, hata kwa nia ya kuomba ushauri, bila wewe kujua na kuridhia.

Kuandika sentensi kamili ya utambuzi huchukua muda usiozidi dakika mbili, hata katika zamu yenye msongamano. Yafaa kila idara ya mifupa na kila chumba cha majeruhi kibandike ukutani yale mambo manane, na mkuu wa zamu ayapitie kwenye majalada kabla ya kukabidhi wagonjwa kwa zamu inayofuata. Jalada lisilotaja upande, kiungo, ngozi na mapigo ya damu lirudishwe palepale kwa aliyeliandika, wakati mgonjwa bado yuko kitandani na maswali bado yanaweza kujibiwa kwa kumtazama.